Tone Lililovuka Mto

Dkt. Tusekile Mwaisumo alipoiona alama ile kwa mara ya kwanza kwenye sampuli za kijiji cha Kilasi, alimlaumu Lugano. Alimwambia hakubadilisha glavu. Lugano alikuwa fundi sanifu wa maabara kwa miaka ishirini na saba, na glavu alikuwa akizibadilisha hata pale isipohitajika, lakini hakubisha. Alitupa sampuli zote, akapangusa meza kwa dawa, akaanza upya. Mara ya pili Tusekile alilaumu vitendanishi. Viliagizwa vingine, vikachelewa siku nne kwa sababu ndege ndogo inayoleta mizigo haikuweza kutua katika ukungu wa Rungwe. Mara ya tatu hakuwa tena na wa kumlaumu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwishoni mwa mwezi wa tano. Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri, na kipasha joto cha maabara kilikuwa kimekufa tangu Machi. Ombi la kukitengeneza lilikuwa limerudishwa mara tatu kwa kukosa sahihi ya bwana mmoja aliyekwisha kustaafu. Tusekile alikaa mbele ya kisomaji, koti limefungwa hadi shingoni. Kisomaji kilikuwa mashine ndogo kama redio ya mkononi: unatia ute wa pua upande mmoja, na baada ya dakika tisa kinakuorodheshea kila kijidudu kilichomo na ukoo wake.

"Ishirini na tatu," alisema Lugano. "Kati ya watoto sitini."

"Naona."

"Meza nimeipima, safi. Hewa ya chumba safi. Mimi mwenyewe nimejipima, sina kitu." Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara saa za kazi. "Daktari, hii haitoki kwetu. Imetoka kwenye pua za watoto."

Tusekile aliutazama mstari wa herufi uliong'aa kwenye kioo, herufi arobaini na nane alizozipanga kwa mkono wake mwenyewe miaka saba iliyopita. Hakuna kiumbe mwingine duniani aliyekuwa nazo. Zilikuwa alama ya tone, na Kilasi hawakuwa wamepewa tone.

Miaka ile kifaduro kilikuwa kimerudi kwa sura mpya. Sindano za zamani zilimlinda mtoto asiugue, lakini hazikukizuia kijidudu kukaa puani mwake na kuruka kwa mwingine. Kwa muda mrefu watu waliishi na upungufu huo. Kisha kijidudu kikajivua ile protini ambayo sindano iliufundisha mwili kuitambua, na watoto wachanga wa chini ya wiki sita, ambao hata sindano ya kwanza hawajaifikia, wakaanza kufa kila msimu wa baridi. Kuwachanja wajawazito kulipunguza vifo. Hakukuvimaliza.

Tusekile alitumia miaka kumi na mmoja kutafuta njia nyingine. Alikichukua kijidudu chenyewe, akakitoa sumu zake tatu moja baada ya nyingine, akakitia alama, akakifanya tone la kudondosha puani. Kilikaa huko wiki chache, kikashika nafasi, kikaifundisha pua kumfukuza ndugu yake mwenye sumu. Na kwa makusudi alikipunguza kasi ya kuzaana, ili kife kabla hakijapata nafasi ya kuhamia kwa mtu wa pili. Katika fomu ya ridhaa, ile iliyosomwa kwa sauti nyumba kwa nyumba, sentensi fupi kuliko zote ilikuwa yake: Tone halitoki kwa aliyepewa. Wanasheria walitaka aya nzima. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania kwamba watu wana haki ya sentensi wanayoielewa.

Upande huu wa mto, katika vijiji vinavyozunguka Kituo cha Pumzi, watu walilipokea tone. Ng'ambo, Kilasi walilikataa, tena kwa kura. Hawakuwa wajinga wala wakorofi. Miaka kumi na minane nyuma kampuni moja ilikuwa imeachia inzi wa maabara kwenye mashamba ya parachichi ya jirani, bila kuuliza mtu, na inzi wale wakamaliza wadudu waharibifu na nyuki pia. Kilasi ilikuwa inaishi kwa asali. Tangu hapo walijitungia sheria ndogo kwamba kitu chochote chenye uhai kisiingizwe kijijini mpaka mkutano ukubali. Walichokubali ni kupimwa tu ute wa pua, wawe kundi la kulinganisha, maana ni lazima pawe na watu wasio na tone ili ijulikane tone linafanya nini.

"Na masikio?" aliuliza Tusekile.

Lugano aliifungua ramani. Masikio yalikuwa vile vifaa vidogo vilivyotundikwa sokoni, makanisani na mashuleni, vinavyosikiliza kikohozi na kuutambua mlio wa kifaduro kati ya vikohozi elfu. Sikio la soko la Ndembo, kijiji kilichokuwa bado kinangoja tone, lilikuwa limewaka taa nyekundu mara thelathini na nne mwezi ule. La Kilasi halikuwaka.

"Siku sabini na moja," alisema Lugano. "Kimya."

Tusekile alisimama, akakipiga teke kipasha joto kilichokufa, akatoka.

*

Profesa Nzowa, mkurugenzi wa kituo, ndiye aliyemfundisha Tusekile kushika bomba la sampuli alipokuwa mwanafunzi. Alizisoma karatasi zote. Alipomaliza alivua miwani, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa na furaha.

"Tuse, unajua umepata nini hapa? Chanjo inayotembea yenyewe. Unampa mmoja, wanapona watatu."

"Nimepata kwamba nilisema uongo."

"Ulikosea. Kukosea si uongo."

"Na nikinyamaza kuanzia leo, itaitwaje?"

Profesa aliiweka miwani mezani. "Hakuna aliyesema unyamaze. Nasema uhakikishe. Watoto sitini ni wachache, mtu yeyote atakutoa kasoro. Chukua sampuli mia mbili nyingine. Zipime mara mbili. Kwa wiki sita utakuwa na ripoti isiyotikisika."

"Baada ya wiki sita Ndembo watakuwa wameshapewa tone."

"Ndiyo," alisema Profesa. "Watakuwa wameshapewa."

Wote wawili waliijua kanuni ya Baraza la Kinga. Kiumbe chochote cha maabara kikionekana nje ya mipaka yake, kila kitu kinasimama siku hiyohiyo hadi mapitio yamalizike. Mapitio ya mwisho, ya chanjo ya mbuzi, yalichukua miezi kumi na minne. Ndembo walikuwa wapewe tone tarehe mbili mwezi wa sita, kabla baridi haijakaza.

"Mwaka jana Ndembo walizika watoto tisa," Profesa aliendelea. "Hao nawajua kwa majina. Wewe umeniletea watoto ishirini na watatu wa Kilasi, wazima wa afya, wasiokohoa. Nenda wodini kwa Sista Atupele. Kaa naye saa moja. Ukirudi, kama bado unataka kuiandika barua leo, iandike."

"Profesa, hiyo si haki."

"Sijasema ni haki. Nimesema nenda."

Alikwenda, na njia nzima alikuwa na hasira, kwa sababu alijua angekuwa na aibu kama asingekwenda.

*

Wodi ya watoto ya hospitali ya kituo ilikuwa na vitanda sita, na vinne vilikuwa na watoto wa Ndembo. Sista Atupele, muuguzi mkuu, alikuwa ameinama juu ya mtoto wa wiki nne aliyelala mapajani mwa mama yake. Mama huyo alikuwa binti wa miaka ishirini hivi aitwaye Sekela.

Watu hukijua kifaduro kwa ule mlio, pumzi ndefu inayovutwa kwa nguvu baada ya kukohoa. Mtoto wa wiki nne hana nguvu ya kuutoa mlio huo. Huyu alikohoa mara sita, mara saba, uso ukawa mwekundu, kisha zambarau, halafu akanyamaza. Hakulia. Hakuvuta hewa. Sista Atupele alimsugua mgongo, akamfinya nyayo, akamfuta kamasi nzito mdomoni kwa kidole kilichovikwa pamba, akamwekea kinyago cha hewa. Tusekile alijikuta anahesabu moyoni. Alipofika kumi na tisa, mtoto alishtuka kama aliyeguswa na maji baridi, akavuta pumzi nyembamba.

"Ya kumi na nne tangu nimeingia zamu," alisema Sista Atupele bila kuinua macho.

"Dawa?"

"Anapata. Inaua vijidudu, lakini sumu imeshakaa. Wewe ndiye unayejua hayo, daktari."

Sekela alimtazama Tusekile kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye daktari wa tone?"

"Ndiyo, mama."

"Wanasema linakuja kwetu mwezi wa sita. Mdogo wangu, Enesi, ana mimba, anajifungua wiki hii au ijayo. Watu wa nyumbani wakipewa tone, mtoto wake hataletewa ugonjwa?"

"Tunajitahidi," alisema Tusekile. Hilo lilikuwa jibu la ofisini na alilichukia likiwa bado mdomoni.

Sekela alitikisa kichwa, kama mtu aliyelizoea jibu hilo, akarudi kumtazama mwanawe. Tusekile alikaa saa nzima aliyoagizwa. Mtoto alinyamaza mara tatu zaidi.

Alipotoka nje mvua ilikuwa imepungua. Njia ya kulia ilirudi ofisini kwa Profesa. Ya kushoto ilishuka mtoni, kwenye daraja la Kilasi. Alisimama pale njiapanda, maji yakimchuruzika kisogoni, akijaribu kujiambia kwamba wiki sita si uongo, ni uangalifu. Maneno hayo yalikuwa na sura nzuri. Tatizo lilikuwa moja tu: alishawaambia watu wa Kilasi sentensi fupi, na sasa alitaka kujificha nyuma ya sentensi ndefu.

Alishuka kushoto.

*

Bi. Subilaga Mwambene, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa kwenye ghala la ushirika akichambua mbegu za viazi na wanawake wawili. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na tano, mwepesi wa mikono, na hakuacha kuchambua alipomwona mgeni. Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni akimbembeleza mtoto mchanga mgongoni.

"Karibu, daktari. Siku za kupima pua hazijafika."

"Hazijafika, mama. Nina neno. Nalileta kwako kabla ya kwenda kwa mwingine."

Subilaga aliwatazama wenzake, nao wakatoka. Mkwewe alibaki. Tusekile alisema yote akiwa amesimama: watoto ishirini na watatu, alama, mara tatu. Aliposema neno la mwisho, mikono ya Subilaga ilikuwa imetulia juu ya gunia.

"Ulisema halitoki."

"Nilisema."

"Uliandika."

"Niliandika, mama. Nilikosea. Nilikipima kijidudu kwenye wanyama na kwenye watu wazima, hakikutoka. Kwa watoto wanaolala wanne kitanda kimoja na kunywea kikombe kimoja, kimetoka."

"Umejua lini?"

"Leo asubuhi. Wiki tatu nimekuwa nikishuku, ila nilidhani ni uchafu wa maabara."

"Wiki tatu ukaona heri iwe uchafu."

Tusekile akasema lile ambalo njiani alijiapiza hatalisema. "Mama, sikio la soko lenu halijasikia kifaduro siku sabini na moja. Ndembo wana watoto wanne wodini. Huyo mjukuu wako..."

"Malizia."

"Basi."

"Malizia, daktari. Unataka kusema mjukuu wangu yu mzima kwa sababu yako."

"Sijui kama ni kwa sababu yangu. Huenda."

Subilaga alijifuta udongo mikononi kwa kanga, polepole. "Umeniweka mahali pabaya sana. Nikisema asante, nimekubali kwamba mtu aweza kuingia kwangu bila hodi mradi ameleta zawadi. Nikikasirika, mimi ni bibi asiyempenda mjukuu wake. Wale wa inzi angalau waliniachia hasira yangu."

Mkwewe aligeuka, akaangalia nje.

"Linaondoka?" aliuliza Subilaga.

"Kuna dawa ya siku tano. Inaliua."

"Na kifaduro chenyewe?"

"Baada ya hapo chaweza kuja, kama kinavyokuja kwa yeyote."

"Keshokutwa tuna mkutano. Utakuja, utasema kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze. Na hilo la mjukuu wangu usiliseme, nitalisema mimi mwenyewe."

"Na Baraza la Kinga? Nikiwaandikia, wataisimamisha kazi yote. Ndembo hawatapata kitu."

Subilaga alichukua kiazi, akakigeuza, akakitupa upande wa vibovu. "Hilo usinibebeshe. Barua ni yako."

*

Barua aliiandika jioni ileile, juu ya meza ya maabara, Lugano akiwa amesimama nyuma yake na koti mkononi. Ukurasa wa Baraza ulimtaka achague aina ya tukio. Palikuwa na kifo, madhara, upotevu wa chupa na hitilafu ya jokofu. Hapakuwa na mahali pa kusema kwamba kitu kimefanya kazi kupita ahadi yake. Alichagua upotevu. Ukurasa ukamuuliza chupa ngapi zimepotea. Aliandika sifuri, ukakataa. Aliandika moja, ukakubali, na kwenye nafasi ya maelezo akaeleza yote.

"Profesa amejua?" aliuliza Lugano.

"Atajua."

Jibu lilifika kabla hajafunga mlango. Mradi umesimamishwa. Chupa zote zifungwe. Ndembo ifutwe kwenye ratiba hadi taarifa nyingine. Profesa Nzowa alimpigia simu mara moja tu, na hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba tangu siku hiyo yeye atakuwa anawasomea Ndembo majina ya watoto wanaokufa, ili Tusekile asihangaike kuyajua. Kisha akakata.

Mkutanoni Alhamisi alisema kama alivyoagizwa. Mzee mmoja alimwita mwizi. Mwanamke mmoja aliuliza kama watoto wake watapata madhara uzeeni, akajibiwa kwamba hakuna aliyewahi kuzeeka na tone. Walibishana hadi jua la mchana likatoka, wakafikia kwamba kila kaya itajiamulia. Kaya kumi na moja zilitaka dawa ya siku tano, na Lugano alizigawia hapohapo. Nyingine zilisema zinafikiri. Zilikuwa na haki ya kufikiri, na Tusekile aliporudi kuvuka daraja alihisi, kwa mara ya kwanza wiki ile, kwamba pengine jambo laweza kukaa sawa.

Jumamosi mtoto wa Sekela alinyamaza mara ya mwisho. Sista Atupele alimsugua dakika ishirini na mbili.

*

Afisa wa Baraza alifika Jumatatu, kijana nadhifu aitwaye Nkwabi, na masanduku matatu ya dawa na amri ya karatasi mbili. Kilasi yote ilipaswa kusafishwa ndani ya siku saba. Kila pua, mkubwa kwa mdogo. Wanaokataa waorodheshwe kwa majina, na Dkt. Mwaisumo, kwa kuwa anawafahamu, aongoze njia.

"Walishaamua," Tusekile alimwambia wakiwa darajani. "Walikaa mkutano. Waliotaka dawa wameshapewa."

"Daktari, wewe mwenyewe ndiye uliyeandika kwamba liliingia bila ridhaa. Sisi tunalitoa. Ulitaka nini kingine?"

Alilifikiria swali hilo hatua kadhaa. Alikuwa ametaka mtu mmoja tu, mahali popote, aulizwe kabla ya kufanyiwa.

Subilaga alikuwa amesimama mbele ya ghala, na taarifa za masanduku zilikuwa zimemtangulia kufika. Aliisoma amri yote, akamrudishia Nkwabi.

"Mwanangu, lilipoingia hamkuniuliza. Sasa linatoka, hamniulizi tena. Kaa hapa ghalani, anayetaka dawa atakuja achukue. Nyumba kwa nyumba huendi."

"Mama, hii ni amri."

"Nimeisoma. Nimeona pia kwamba aliyeiandika hajawahi kufika hapa, maana ameandika Kilasi iko upande wa magharibi."

Nkwabi alianza kujibu, lakini macho ya Tusekile yalikuwa yameshapita ghala, yakaona kibaraza cha nyumba ya Subilaga. Pale walikuwa wamekaa watoto kumi na zaidi wa Kilasi kwenye mkeka, wakila viazi vya kuchemsha kutoka sinia moja, na katikati yao wanawake wawili wageni. Mmoja alikuwa Sekela, kichwa amekifunga kitambaa cheupe cha msiba. Wa pili alikuwa mdogo kuliko yeye, na kifuani alikuwa amemkumbatia mtoto mchanga aliyefunikwa blanketi la manjano.

Sekela alimwona, akainuka, akaja.

"Ndembo wote tumesikia ulilosema mkutanoni," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, imekwisha kulia. "Kwamba watoto wa huku wanalo. Kwamba linatoka mtu kwa mtu. Wenzetu wengine wanakuja kesho. Mama mwenyekiti ametukaribisha."

"Nimewakaribisha chai," alisema Subilaga. "Wanachokuja nacho au kuondoka nacho ni chao."

"Huyu ni Enesi, mdogo wangu niliyekuambia. Mtoto ana siku tano." Sekela alimgeukia Tusekile, akashusha sauti, ingawa Nkwabi alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. "Daktari, akikaa hapa siku ngapi atalipata?"

Tusekile alihisi Nkwabi anamtazama. Alijua kanuni neno kwa neno, alikuwa amesaidia kuiandika. Kutoa ushauri wa kusambaza kiumbe kilichosimamishwa kulikuwa kunampokonya mtafiti leseni, si kwa miezi kumi na minne, bali moja kwa moja. Miaka kumi na mmoja. Maabara bila kipasha joto. Kisomaji, Lugano, herufi arobaini na nane. Angeweza kusema tunajitahidi.

"Sijawahi kulipima kwa mtoto wa siku tano," alisema. "Sijui litamfanya nini. Nisikudanganye tena, mimi wala mwingine hatujui."

"Na kifaduro, unajua kitamfanya nini?"

"Najua. Na wewe unajua."

Sekela aliinamisha kichwa. Enesi, kule mkekani, alikuwa amesimama na mtoto, akisikiliza, asijue kama akae au aondoke.

"Daktari," alisema Nkwabi kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, "usiendelee."

Tusekile alivua kitambulisho cha kituo shingoni, akakitia mfukoni, kwa sababu hakutaka maneno yanayofuata yawe ya kituo. Alipita katikati ya watoto akachuchumaa mbele ya Enesi.

"Nisikilize vizuri, mama. Mtoto asikae na hawa. Mpe dada yako akae naye kule ghalani, mbali. Ukae wewe. Kula nao, cheka nao, wakukoholee. Na baba yake, na bibi yake, na kila anayembeba. Likiwakaa ninyi, mtu wa kumletea kifaduro nyumbani hatakuwepo. Huenda baadaye tone lenyewe likamfikia kupitia kwako, na hapo ndipo nisipojua. Wewe ndiye mama. Ukisema hutaki, chukua mtoto wako mwende sasa hivi, hakuna atakayekulaumu."

Enesi alimtazama dada yake. Kisha aliutazama uso wa mtoto kwa muda mrefu, akarekebisha blanketi lililokuwa limeteleza, kisha akamnyooshea Sekela mikono yote miwili, na mtoto akahama kifua kimoja kwenda kingine bila kuamka.

"Nitakaa mimi," alisema.

Nkwabi alikuwa ameshafungua kishikwambi chake. Hakuwa na furaha. Aliandika mstari mmoja, akasita, akafuta, akaandika tena.

"Lazima niseme ulichokifanya," alisema. "Jina lako la ukoo, ni Mwaisuma au Mwaisumo?"

"Mwaisumo," alisema Tusekile. "Mwishoni ni o."

Alisubiri mpaka Nkwabi ameliandika sawasawa. Kisha akaenda ghalani, akasogeza masanduku ya dawa kando, akamtengenezea Sekela mahali pakavu pa kukaa na mtoto.